Tafsiri Si Makombo: Funzo la Wafinyanzi wa Urbino

Kuna imani moja iliyoota mizizi miongoni mwetu sisi tunaofundisha lugha na fasihi, nayo ni kwamba kazi iliyofasiriwa ni makombo. Mwenye kuisoma, tunaambiwa, amefika karamuni wageni waheshimiwa wakiwa wameshanawa mikono; anapakuliwa kilichosalia, kimepoa na hakina ladha. Kwa imani hii, mwanafunzi anayemsoma Shakespeare kwa Kiswahili huonekana kama aliyeshindwa kumsoma kwa Kiingereza, na mwalimu anayesimulia visa vya Wayunani wa kale katika kipindi cha Kiswahili huulizwa na wenzake amepotelea wapi. Nimeisikia kauli hii katika kumbi za mihadhara, katika vyumba vya walimu, na hata katika makongamano ya wataalamu. Makala haya yanakusudia kuipinga, na shahidi nitakayemsimamisha si mwanaisimu wala si mhakiki wa fasihi. Ni mfinyanzi.

Katika karne ya 16, wakati wa ule mwamko mkuu wa elimu na sanaa barani Ulaya, ilistawi katika miji midogo ya Italia sanaa ya kuchora visa vya miungu na mashujaa wa Kiyunani juu ya sahani, makombe na magudulia ya udongo. Miji iliyovuma kwa kazi hiyo ni pamoja na Urbino, Casteldurante, Gubbio, Pesaro na Faenza. Vyombo hivyo huitwa mayolika, na vile vilivyofunikwa kwa kisa kizima kutoka ukingo hadi ukingo hujulikana kwa neno la Kiitaliano istoriato, yaani vyombo vyenye hadithi. Leo vimetunzwa kama lulu katika majumba ya makumbusho: British Museum na Victoria and Albert Museum mjini London, Louvre mjini Paris, Metropolitan mjini New York, na Museo Correr mjini Venice.

Jina mayolika lenyewe ni msafiri. Aghalabu wataalamu hulinasibisha na kisiwa cha Majorca, ambako vyombo vya wafinyanzi Waislamu wa Uhispania vilipitia vikielekea Italia. Wengine hulihusisha na mji wa Málaga, uliosifika kwa vyombo vya namna hiyo. Ufundi nao ulianzia mbali zaidi. Katika karne ya tisa, wafinyanzi wa Iraki walivutiwa na vyombo vyeupe vilivyoletwa kutoka Uchina. Udongo wa Kichina hawakuwa nao, hivyo wakabuni hila: walichanganya bati katika ule utando wa kioo unaopakwa chombo, na udongo wao wa kawaida ukatoka tanurini ukiwa na uso mweupe. Ujuzi huo ukaenea hadi Afrika ya Kaskazini, ukavuka kuingia Uhispania, ukafika Italia. Msomaji wa Pwani asidhani kwamba habari hii haimgusi. Vigae vya vyombo vya Kiiraki vya zama hizo vimefukuliwa katika magofu ya Shanga na Manda, kwenye visiwa vya Lamu. Wazee wetu walivila chakula vyombo hivyo kabla Mwitaliano hajajifunza kuvitengeneza.

Tunao maelezo kamili ya jinsi Waitaliano walivyofanya kazi yao, kwa kuwa mwenyeji wa Casteldurante aitwaye Cipriano Piccolpasso aliandika, katika miaka ya 1550, vitabu vitatu kuhusu sanaa ya mfinyanzi; mswada wake umo Victoria and Albert Museum. Chombo kilichomwa mara ya kwanza hadi kikawa kigumu. Kisha kikatumbukizwa katika uji wa madini ya risasi na bati uliochanganywa na mchanga uliosagwa. Kilipokauka, kilikuwa na uso mweupe wa ungaunga, na juu ya uso huo ndipo mchoraji alipochora: buluu ikitokana na kobalti, kijani na shaba, manjano na antimoni, zambarau na manganisi. Baadaye kilirudi motoni mara ya pili. Ule unga mkavu ulinywa rangi papo hapo, hivi kwamba mstari uliokosewa haukufutika kwa urahisi. Mchoraji alilazimika kukijua kisa chake barabara kabla ya kugusa chombo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ndilo kiini cha mjadala wetu. Mfinyanzi huyu alikijulia wapi kisa chenyewe?

Visa vilivyopendwa vilikuwa vya Daphne, binti aliyegeuka mti akimkimbia mungu Apollo. Vya Marsyas, aliyethubutu kushindana na Apollo kwa kupiga filimbi akachunwa ngozi akiwa hai. Vya Actaeon, mwindaji aliyemwona mungu wa kike Diana akioga, akageuzwa kulungu na kuraruliwa na mbwa wake mwenyewe. Vya Orpheus, aliyemfuata mkewe kuzimu. Mikusanyo mikuu ya visa hivi ni utenzi mrefu wa mshairi Mrumi Ovid uitwao Metamorphoses, wenye vitabu 15 na takriban visa 250, uliokamilika karibu na mwaka wa 8 baada ya Kristo, mwaka uleule ambao mfalme Augusto alimhamisha mshairi huyo hadi mji wa Tomis, ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Utenzi huo uliandikwa kwa Kilatini. Kilatini nacho, kufikia karne ya 16, kilikuwa lugha ya makasisi, mawakili na wahadhiri. Mtoto wa fundi alianza kazi karakanani akiwa mdogo, na ujana wake wote aliumalizia kati ya udongo, rangi na moto.

Jawabu ni tafsiri. Kati ya mwaka wa 1375 na 1377, Giovanni dei Bonsignori, mwenyeji wa Città di Castello, aliutia utenzi wa Ovid katika nathari ya Kiitaliano. Alitegemea pakubwa mihadhara ya Kilatini ya Giovanni del Virgilio, mwalimu aliyekuwa ameufafanua utenzi huo kwa wanafunzi wake mjini Bologna katika miaka ya 1320. Mnamo mwaka wa 1497 kitabu cha Bonsignori kilipigwa chapa mjini Venice, kikiwa na picha zaidi ya hamsini zilizochongwa kwenye mbao. Mwaka wa 1522 ikafuata tafsiri ya kishairi ya Niccolò degli Agostini. Vitabu hivi, pamoja na karatasi za picha zilizouzwa kivyake, ndivyo vilivyofika karakanani. Wataalamu wameweka picha za kitabu cha 1497 kando ya vyombo vilivyochorwa na Nicola da Urbino karibu na mwaka wa 1520, vile vinavyohifadhiwa Museo Correr, wakaona jinsi mchoraji alivyoazima mipango na maumbo, kisha akayapa uhai na nafasi ambayo mchonga mbao hakuiwaza.

Hebu na tuihesabu safari hii. Visa vilitungwa na Wayunani kwa Kiyunani. Ovid akavitwaa na kuvitungia ushairi wa Kilatini. Naye basi, kwa namna yake, alikuwa mfasiri. Mhadhiri wa Bologna akavifafanua darasani. Bonsignori akavitia katika lugha ya watu. Mchonga mbao akavigeuza kuwa picha, na mfinyanzi akaitwaa picha hiyo na kuichoma katika udongo. Ikiwa kila hatua ya tafsiri ni makombo, basi sahani ya Nicola ni makombo ya makombo ya makombo. Mbona basi hakuna anayediriki kuitupa? Mbona mataifa yanaiweka ndani ya kabati la kioo na kuiajiria askari wa kuilinda?

Bora zaidi ya wote kwa hoja yangu ni Francesco Xanto Avelli, mzaliwa wa Rovigo aliyefanya kazi Urbino katika miaka ya 1530. Xanto hakuwa fundi wa kawaida. Alitunga mfululizo wa soneti za kumsifu mtawala wa Urbino, Francesco Maria della Rovere, na mswada wake umo katika Maktaba ya Vatikani. Hata hivyo, tungo hizo hazikumwondolea dhiki za kazi: hati ya mwaka wa 1530 inaonyesha kwamba wenye karakana mjini Urbino waliafikiana kutowaajiri mafundi fulani waliodai ujira mkubwa zaidi, na Xanto alikuwa mmoja wao. Alikuwa na ustadi wa kuchopoa maumbo kutoka picha zilizochapwa, hasa zile zilizotokana na michoro ya Raphael, na kuyapanga upya, hata umbo moja likatumika katika visa mbalimbali. Lakini linalonivutia mimi ni upande wa nyuma wa sahani zake. Pale ambapo mlaji hakuwa na haja ya kutazama, Xanto aliandika mwaka, jina lake, maelezo ya kisa, mara nyingine kwa ubeti, na mara kwa mara akataja ni kitabu cha ngapi cha Ovid kilichokuwa chimbuko lake. Aidha alizoea kubainisha kama habari ile ni historia au ni ngano.

Mwalimu mwenzangu, tafakari jambo hilo. Fundi wa udongo, aliyeyapata mengi ya maarifa yake kupitia vitabu vya lugha yake mwenyewe, anataja chimbuko la habari kwa uangalifu ambao tunawasihi wanafunzi wetu wa shahada kila muhula wauonyeshe. Maarifa yalipofika katika lugha aliyoiota usiku, hakuridhika kuwa mpokeaji tu. Akawa msomi.

Nao wanunuzi walikuwa nani? Mwezi wa Novemba mwaka wa 1524, Eleonora Gonzaga, mke wa mtawala wa Urbino, alimwandikia mama yake, Isabella d'Este wa Mantua, kumjulisha kwamba amemtengenezea seti ya vyombo vya udongo. Alivieleza kwa unyenyekevu kuwa vitafaa kutumika katika nyumba ya mashambani. Vyombo zaidi ya ishirini vilivyochorwa na Nicola vikiwa na nembo ya Isabella vimesalia hadi leo, na wataalamu huvihusisha na barua hiyo. Isabella alikuwa mmoja wa wanawake waliosifika kwa elimu na kwa ukusanyaji wa sanaa katika enzi yake. Mbele ya mwanamke wa namna hiyo iliwekwa sahani yenye kisa alichokisimulia fundi. Sidhani kama alivua macho yake na kusema, "Hiki kimetoka katika tafsiri."

Hata hivyo, haki ya mjadala inanidai niseme upande wa pili. Tafsiri hulisha, lakini pia hubadilisha chakula. Chukua kisa cha Actaeon. Kwa mujibu wa Ovid, mwindaji yule aligeuka kulungu mzima. Alisalia na akili ya binadamu tu, na msiba wake hasa ni kwamba alitaka kuwapigia mbwa wake kelele kwamba yeye ni Actaeon, bwana wao, na maneno yakakataa kutoka. Katika sahani nyingi, Actaeon ana kiwiliwili cha mtu na kichwa cha kulungu. Tunamwelewa mchoraji: angechora kulungu mtupu, mtazamaji angejuaje kwamba huyu ni mtu? Lakini pamoja na faida hiyo kuna hasara. Ule ukimya wa kutisha, ulioujaza utenzi, hauonekani.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi Waafrika ni cha Andromeda. Huyu alikuwa binti wa mfalme Cepheus na malkia Cassiopeia, watawala wa nchi ambayo Wayunani waliiita Ethiopia, jina lililotumika kwa nchi za watu weusi kwa jumla. Mama yake alijisifu kwa urembo kupita wanawali wa baharini; bahari ikaghadhibika, na Andromeda akafungwa jabalini awe kafara kwa nyangumi wa ajabu, hadi shujaa Perseus alipomwokoa. Katika Metamorphoses, Ovid anasema Perseus angedhani msichana yule ni sanamu ya marumaru lau si nywele zilizopeperushwa na upepo na machozi yaliyomtiririka. Katika tungo zake nyingine, mshairi huyohuyo anasema waziwazi kwamba Andromeda alikuwa mweusi kwa rangi ya nchi yake, na kwamba Perseus alimpenda hivyohivyo. Lakini tazama michoro ya Italia ya karne ya 16, kwenye turubai na kwenye mayolika pia: kwa kawaida Andromeda ni mweupe kama maziwa, nywele zake za dhahabu. Mimi nionavyo, ile tashbihi ya marumaru iliyohusu utulivu wa mwili uliofungwa ilikuja kusomwa kana kwamba inahusu rangi ya ngozi, na mazoea ya macho ya Ulaya yakamalizia kazi.

Je, hili si hoja dhidi ya tafsiri? La hasha. Ni hoja dhidi ya kumwachia mtu mwingine atufasirie daima. Kila mfasiri huchagua, na uchaguzi wake huamua msomaji ataona nini. Mwalimu Julius Nyerere alilijua hilo. Alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice mwaka wa 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, hapo awali lilikuwa na maana ya mchuuzi au mfanyabiashara tu. Kufikia enzi ya Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limebeba uzito mwingine kabisa. Kwa neno moja tu, tamthilia ya Mwingereza ikaingia katika mjadala wa Watanzania. Anayelipenda chaguo hilo na anayelipinga wote wanakubaliana kwamba hayo hayakuwa makombo. Kilikuwa chakula kilichopikwa upya, kwa viungo vya hapa.

Isitoshe, fasihi yetu yenyewe imejengwa juu ya ukarimu huu. Zaidi ya karne mbili zilizopita, Sayyid Aidarus wa Pate aliifasiri kwa Kiswahili Hamziya, kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, na kazi hiyo ikawa miongoni mwa nguzo za ushairi wa Kiswahili cha kale. Shamba la Wanyama la Fortunatus Kawegere lilitoka mwaka wa 1967, na Shujaa Okonkwo la Clement Ndulute mwaka wa 1973. George Orwell na Chinua Achebe wakapata wasomaji ambao wasingewapata. Wala wazo la chombo chenye maandishi si geni Pwani. Katika mila ya kunywa kombe, aya takatifu huandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Watu waliokwisha kuwaza kwamba maneno yaweza kutoka sahanini hadi mwilini hawawezi kushangazwa na Xanto.

Napendekeza basi mambo matatu kwa walimu. Kwanza, visa vya mataifa mengine visimuliwe darasani kwa Kiswahili bila kuombewa radhi, na viwekwe sambamba na vyetu. Mwanafunzi anayejua kwamba Fumo Liyongo hakudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni atamwelewa upesi Achilles na kisigino chake, naye atauliza swali la maana: kwa nini jamii mbili zilizo mbali hivyo ziliwapa mashujaa wao sehemu moja tu ya kufia? Pili, zoezi la tafsiri lisiwe adhabu ya mwisho wa muhula. Mwanafunzi apewe aya moja, aifasiri, kisha aeleze kwa maandishi kila alipochagua na sababu ya kuchagua. Huko ndiko kuandika nyuma ya sahani. Tatu, wale wenye uwezo wa kujifunza lugha za chimbuko, ziwe Kiyunani, Kilatini, Kiarabu au Kichina, watiwe moyo wafasiri moja kwa moja kuingia Kiswahili. Tukiendelea kumpokea kila Myunani kupitia Kiingereza pekee, tutampokea na mazoea ya macho ya Waingereza pia, na Andromeda wetu atabaki mweupe.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Cheo hicho ni kitupu ikiwa lugha yenyewe itatumika kwa salamu na hotuba za sikukuu, huku maarifa ya walimwengu yakihifadhiwa katika kabati lenye ufunguo wa kigeni. Mafundi wa Urbino hawakungoja kwanza wawe mabingwa wa Kilatini ndipo waruhusiwe kufikiri juu ya kiburi cha Marsyas au huzuni ya Orpheus. Walisoma kwa lugha yao, wakaelewa, wakachora. Na wasomi wa Kilatini wenyewe wakaja kununua.

Kazi iliyobaki ni yetu. Udongo tunao, na moto tunao. Tuwape wanafunzi wetu vitabu.